Neno Moja Katika Safu ya Sita

YAH: MAOMBI YA KUFUTA NENO MOJA LENYE HERUFI NNE, SAFU YA SITA, MSTARI WA KUMI NA MOJA, DAFTARI LA WAGENI.

Hicho ni kichwa cha barua yangu ya tatu. Ya kwanza ilirudishwa kwa kuwa sikutaja mstari. Ya pili ilirudishwa kwa kuwa nilitaja mstari nikasahau kusema neno lenyewe lina herufi ngapi, na ofisi inayosimamia nyumba za wageni, walinieleza kwa upole, haiwezi kufuta neno isilojua urefu wake. Mimi ni karani wa masjala. Kuzungusha barua za watu mpaka wachoke ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo sikulalamika. Kinyozi akinyolewa hapigi kelele.

Neno lenyewe liliandikwa na shangazi yangu, dada pekee wa baba, siku ya Jumanne, mchana kweupe, kwa mkono wake mwenyewe. Naeleza hapa yale ambayo barua haina nafasi ya kuyaeleza.

Shangazi alikuwa mkaguzi wa mizani. Miaka kumi na tisa alizunguka miji midogo akiwa na kisanduku cha mawe ya mizani, kilo, nusu, robo, mpaka yale madogo kama vifungo vya shati, akipima mizani za watu kama zinasema kweli. Iliyosema kweli aliigongea muhuri. Iliyodanganya aliifunga lakiri, na mwenye nayo akabaki anaapa kwa makaburi ya ukoo mzima. Wachinjaji walimwogopa kuliko ugonjwa. Watu walimwita Mizani, na nyumbani jina likamganda. Hata bibi yangu, aliyemzaa, alimwita hivyo.

Alipenda kusafiri peke yake jinsi watu wengine wanavyopenda chumvi. Alikaa dirishani. Alikula aliposikia njaa yeye, si mtu mwingine aliposikia yake. Kitandani alilala mshazari, "kichwa huku, miguu kule, na katikati hakuna wa kuniuliza nafikiria nini." Raha ya kufika mji usiokujua, alikuwa akiniambia, ni kwamba hakuna anayekungoja. Na karaha yake ni hiyo hiyo.

Maana mwanamke aliye peke yake ni kama mlango ulioachwa wazi: kila apitaye anajiona ana wajibu wa kuchungulia. Uko na nani? Unamfuata nani? Huogopi? Mbona mzuri hivi na huna mtu? Kisha kitasa kinatikiswa kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyekosea chumba. Shangazi alijua kuegemeza kiti mlangoni, alijua kuagiza chai mbili. Lakini chombo chake kikuu kilikuwa kingine. Mwaka wa kwanza tu wa kazi alijitungia mume.

Angeweza kujitungia mume mpole. Alijaribu, safari moja. Alimwambia mfanyabiashara wa ngozi aliyekaa naye kiti kimoja kwamba mume wake ni mtu wa watu, mtulivu kama maji ya mtungini. Yule bwana akasogea karibu zaidi. Tangu siku hiyo mume akawa mkali.

Akamjenga kidogo kidogo, kila mji na tofali lake. Dereva mmoja aliambiwa kwamba mume ni mrefu, huinama kila mlango. Mlevi wa koridooni aliambiwa kwamba mume ni askari magereza. Afisa mwenzake, aliyetaka sana kumbebea begi mpaka ndani ya chumba, aliambiwa kwamba mume ni mashoto, na ngumi ya mashoto huijui inakotoka. Mwingine aliambiwa kwamba mume halali. Mwingine, kwamba hapendi mke wake asemeshwe. Shangazi alinunua pete kwenye duka la vifungo. Akanunua pia viatu vya mtumba vya kiume, vyeusi, vikubwa kama majeneza ya watoto, na kila alikolala aliviweka nje ya mlango, pua zikielekea ndani, kama vya mtu aliyeingia.

Nyumbani tulicheka sana.

"Mkwe wangu hajambo?" bibi alimuuliza kila akirudi.

"Hajambo, mama. Bado ana hasira."

"Mwambie aje siku moja anisalimie, nimzabe kofi."

Nasi jamaa tulikuwa na sehemu yetu. Shangazi alitufundisha kwamba ikipigwa simu, na mtu yeyote, akauliza kama ana mume, jibu ni moja: anaye, na ni mkali. "Msiongeze chumvi sana," alituonya. Ilipigwa mara mbili katika miaka yote hiyo. Mara ya kwanza alijibu baba, akababaika kidogo. Mara ya pili nilijibu mimi, na Shangazi alinisifu mwezi mzima.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya kwake ilikuwa na urefu wa miaka kumi na tisa, na haikuwa na kona hata moja.

Jumanne yenyewe haikuwa na makuu. Nilimsindikiza kituo cha mabasi nikiwa nimembebea kisanduku. Alilalamikia goti. Alinikumbusha nimshonee pindo la pazia. Akapanda, akakaa dirishani, akafungua kitabu kabla basi halijaondoka, ishara kwamba mimi sasa niende zangu.

Mji aliokwenda una soko, machimbo ya kokoto na nyumba moja ya wageni, yenye koridoo ndefu na vyumba vinane. Nimeuona baadaye. Mapokezi pana meza, dada mwenye sweta, na daftari kubwa lenye safu saba. Safu ya sita inasema: Anafuatana na. Ukutani pamebandikwa tangazo, lenye nembo na kila kitu, kwamba mgeni wa kike asiyefuatana na mtu ataeleza sababu kwa maandishi, nakala tatu.

Sababu kwa maandishi! Shangazi alikuwa na goti bovu na mizani ishirini na sita za kukagua. Akachukua kalamu, akaandika neno moja. Mume.

"Jina lake?" dada wa mapokezi aliuliza.

"Acha hivyo hivyo. Anakuja nyuma."

"Na watumishi wa serikali wanagonga muhuri, mama. Hapo pembeni, safu ya saba."

Muhuri aliokuwa nao ni ule wa kazi. Hakuwa na mwingine. Na mkono uliogonga muhuri miaka kumi na tisa hauulizi unagonga wapi. Ukatua. Wino wa zambarau ukalala juu ya safu ya sita, juu ya neno lile, ukasomeka vizuri kuliko mwandiko: IMEPIMWA. IMEHAKIKIWA.

Alinipigia jioni hiyo, jua halijazama, anacheka.

"Leo nimeolewa rasmi."

"Hongera, Shangazi. Na nani?"

"Na yule yule. Kwa muhuri wa serikali. Msikitini na kanisani kote hawana muhuri safi kama huu."

Tukacheka. Kisha nikasikia anavuta kiti.

"Ila sikupenda kitu kimoja," alisema. "Kumsema tu, si neno. Maneno hupita. Lakini sijawahi kuhakiki kitu ambacho sijakiweka kwenye mizani. Hata siku moja."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia.

Kesho yake, Jumatano, saa nane na nusu mchana, nikiwa ofisini na rundo la faili mbele yangu, simu iliita. Namba siijui. Mwanamume mwenye sauti ya kuchoka.

"Wewe ni mtoto wa kaka yake mkaguzi wa mizani?"

"Ndimi."

"Swali dogo tu. Shangazi yako ana mume?"

Nilitabasamu. Nilimkonyeza mwenzangu wa meza ya pili, anayeijua hadithi yote. Nikaweka sauti ya mtu aliyeudhika.

"Anaye. Mbona unauliza?"

"Ni mtu wa namna gani?"

"Mkali. Mrefu, askari magereza. Hapendi mke wake asemeshwe na watu asiowajua. Nakushauri usimcheleweshe."

Nyuma ya sauti yake palikuwa na mwanamke anayelia, au anayepiga kelele, maneno sikuyashika. Atakuwa anapiga kutoka sokoni au stendi, nikadhani; huko hawakosekani wenye matatizo. Halafu nikamsikia yule bwana akigeuza mdomo pembeni, akimjibu mtu mwingine kwa heshima: "Ndiyo, mzee. Hapana, mzee. Tumemaliza, mzee."

Sikumsikia aliyekuwa akijibiwa. Palikuwa na nafasi tu, kati ya jibu na jibu, yenye urefu wa mtu anayesema.

Nikakata simu. Mwenzangu akanipigia makofi.

Ijumaa Shangazi hakurudi. Simu yake iliita bila kupokelewa, kisha ikazimwa. Jumamosi alfajiri nilipanda basi.

Sikuwa nimewahi kusafiri umbali ule peke yangu. Kilomita za kwanza zilikuwa tamu, nakiri, hata kwa hofu niliyokuwa nayo: dirisha langu, karanga zangu, hakuna wa kunipigia hadithi. Kisha bwana mmoja mwenye kofia ya sufu akaketi kando.

"Dada, uko na nani?"

Jibu lilikuwa tayari. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikalimeza, sijui kwa nini; labda lilikuwa na ladha mbaya asubuhi ile.

"Niko peke yangu."

"Peke yako kabisa?"

Nilimwambia ukweli, naye akautumia. Saa nne nzima goti lake lilikuwa juu ya langu, na mkono wake kila basi liliporuka ulipotea njia. Abiria wa nyuma waliona. Kondakta aliona, akatazama tiketi zake. Niliposhuka, nilimwelewa Shangazi kuliko siku zote.

Dada wa mapokezi aliponisikia naulizia mkaguzi wa mizani, alifunga daftari taratibu kama mtu anayefunika chakula.

"Ulikuwa mtoto wake?"

"Wa kaka yake. Mbona unasema nilikuwa?"

Alinivutia kiti, akaenda kufunga mlango wa mbele, mchana ule wenye jua kali. Alisimulia kwa kunong'ona, akitazama koridoo.

Jumatano asubuhi, alisema, mama alitoka chumba namba nane akiwa na kisanduku chake, akafika mapokezi, akauliza nani amegeuza viatu. Aliviweka pua ndani. Amevikuta pua nje.

"Kama vya mtu anayetoka," dada alisema.

"Nani alivigeuza?"

"Siku hiyo tulikuwa na mgeni mmoja tu, dada. Ni yeye."

Mama akacheka kidogo, akaenda sokoni. Saa nne, dada akiwa anafuta vumbi meza hii hii, mtu alikuja kwenye koridoo. Akaomba taulo.

"Kutoka nje?"

"Hilo ndilo nakwambia. Hakutoka nje. Alitoka kule." Alielekeza kidole upande wa vyumba. Kule hakuna mlango mwingine. Kuna ukuta. "Sikumwona akiingia. Lakini mimi kazi yangu ni kuandika wanaoingia, na yeye alishaandikwa. Nikafungua daftari nihakikishe. Yumo. Ana na muhuri."

Akampa taulo.

Saa saba mchana Shangazi alirudi, kisanduku kinamwelemea, jasho linamtoka. Akaenda chumbani, akarudi upesi. Alikuwa bado anataka kutania.

"Mwanangu, mji wenu una wezi. Mume wangu ameibiwa viatu."

"Hajaibiwa, mama," dada akamjibu. "Amevaa."

Akasema alimwona Shangazi uso ukibadilika rangi. Polepole. Kuanzia mdomoni.

Walikwenda pamoja mpaka mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa komeo kwa ndani. Maji ya bomba yalikuwa yanatiririka. Shangazi hakubisha hodi. Alisimama tu, kiganja juu ya ubao, kama anayepima joto la mgonjwa.

"Sina mume," alinong'ona.

"Mmegombana?"

"Sina mume, mwanangu. Nilisema tu. Sijawahi kuwa naye."

Maji yakakatika.

Ndani, karibu sana na mlango, sauti ikauliza bila haraka:

"Nani huyo anayekusemesha?"

Shangazi alikimbia. Goti bovu, kisanduku cha kilo kumi na kitu, alikimbia nacho. Angeweza kukimbilia basi, maana basi la saa nane lilikuwa linanguruma kituoni, dada alilisikia. Alikimbilia polisi. Alikuwa mtumishi wa serikali. Aliamini kwamba jambo lisilo sawa hupelekwa kwenye ofisi yenye kazi hiyo.

Zamu ilikuwa ya Koplo. Nilikwenda kumwona siku ile ile ya Jumamosi. Mtu mwema, mnene, ana picha ya wajukuu chini ya kioo cha meza. Hakunificha kitu, hakuona cha kuficha. Alinifungulia kitabu cha matukio nisome mwenyewe. Mwandiko wake ni mzuri. *Saa 7:40 mchana. Mama mmoja analalamika kuwa na mume. Limeshughulikiwa.*

"Alitaka umsaidie nini?" nilimuuliza.

"Alitaka niandike kwamba si mume wake. Nikamwambia, mama, fomu ya kumshitaki mume ipo. Fomu ya kumshitaki asiye mume haipo. Basi nikamwambia twende tukaone daftari." Aliguna. "Nikalisoma mbele yake. Nikamuuliza, mama, kama huna mume, si ungeandika huna? Akasema, niliandika ili nisisumbuliwe. Nikamwambia, basi na husumbuliwi. Tatizo liko wapi?"

Alisubiri nicheke. Inaonekana wengine walicheka.

"Na muhuri," aliendelea. "Nikamuuliza, huu muhuri wa nani? Akasema, wangu. Sasa wewe karani niambie. Mtu athibitishe jambo kwa muhuri wa serikali, kesho yake alikane kwa mdomo. Tufuate kipi?"

Mimi karani nilijua jibu. Kila siku nalitoa dirishani.

"Na yeye mwenyewe? Huyo mwanamume?"

Koplo akashika kalamu, akaiweka, akaishika tena.

Alikuwa amekaa mapokezi walipofika, kwenye kiti cha wageni, taulo begani. Meneja wa nyumba alikuwapo pia, kwa hiyo wapo mashahidi watatu, nami nimewasikia wote, kila mmoja peke yake. Dada wa mapokezi anasema alikuwa mrefu. Alipopita mlangoni, alikiinamia kizingiti cha juu. Meneja hakuangalia juu. Aliangalia mkono wa kushoto, uliokuwa juu ya goti, unafunguka na kufumba. Koplo anasema alisimama kiaskari. "Nilimpigia saluti," alisema, "kabla sijajua kwa nini."

Mrefu. Mashoto. Askari. Matofali yote. Dereva na mlevi na yule afisa wa begi, miji iliyoachana kwa mamia ya kilomita, na hakuna mmoja kati ya mashahidi hawa aliyewahi kuwajua.

"Uso wake ulikuwaje?" niliwauliza, mmoja mmoja.

Dada alifungua mdomo, akaufunga. Meneja alianza: "Alikuwa na..." Akaishia hapo. Koplo alijikuna shingo, akatazama picha ya wajukuu, akasema siku ile palikuwa na jua kali.

Katika miaka kumi na tisa, Shangazi hakuwahi kumpa uso.

Sasa sikilizeni lililobaki. Nalisema haraka.

Shangazi alisimama nyuma ya Koplo. Alishika mkanda wake kwa nyuma, kama mtoto. Akasema mara tatu, dada alihesabu: huyu simjui. Meneja akashauri yaishe kwa amani, wateja wasije wakaogopa. Yule mtu hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba mke wake amechoka na amekuja kumchukua. Koplo akaona ni maneno ya mtu mwenye akili.

Ndipo Shangazi akapata wazo. Simu yake ilikuwa imebaki chumbani inachajiwa, lakini namba alikuwa nayo kichwani. Namba yangu.

"Mpigieni mtoto wa kaka yangu," alisema. "Yuko ofisini. Ni karani, hasemi uongo. Atawaambia. Yeye anajua sina mume."

Dada wa mapokezi anasema alitulia kabisa, hata akaachia mkanda wa Koplo. Alijifuta uso. Alikuwa na hakika.

Koplo akapiga.

"Simu ilikuwa na sauti kubwa," dada aliniambia. Alikuwa ameacha kunong'ona. Alikuwa ananitazama. "Tulikusikia wote."

Niliuliza Shangazi alisema nini. Dada alinieleza yote. Alipiga kelele mwanzo, nilipotamka *anaye*, alinyoosha mikono kuichukua simu, na Koplo akamwambia simu ya kituo haiazimwi. Nilipofika kwenye *mrefu, askari magereza*, aliacha. Alikaa chini sakafuni. Alikuwa akinisikiliza mpaka mwisho, kichwa upande mmoja, kama mtu anayesoma mshale wa mizani unaposimama.

Koplo ni mtu wa kumbukumbu. Aliandaa hati ya makabidhiano, ninayo nakala. *Aliyekabidhiwa: Mume. Idadi: mmoja. Hali: hai, anapinga.* Mashahidi watatu wakasaini. Mume akasaini.

Waliondoka kwa miguu saa tisa mchana, kwa barabara ya machimbo. Watu walikuwa wengi njiani. Shangazi mbele, mwanamume nyuma, hakumgusa. Muuza maji aliwaona. Alisema mama alikuwa anatembea kama anayesukumwa na upepo, na siku ile hata jani halikutikisika. Alimsalimia. Mama akafungua mdomo ajibu. Kisha akatazama nyuma kwanza, akaufunga.

Mbele ya machimbo hakuna kitu. Kuna shimo, na ng'ambo ya shimo kuna vichaka. Nilitafuta siku nne. Wapasua kokoto wanasema hakupita mtu.

Kisanduku chake, kilichobaki mapokezi, nilikikabidhi ofisini kwao. Baba haongei nami. Bibi ananiongelesha, na hiyo ni mbaya zaidi; kila jioni ananiuliza mkwe wake atamrudisha lini mwanawe.

Kwa kuwa sina la kufanya jingine, naandika barua. Neno likifutwa, naona, mume atakuwa hakuwahi kuwapo kwa karatasi, na ofisi italazimika kuuliza ilimpa nani yule mwanamke. Barua ya tatu ilijibiwa Jumatatu iliyopita. Neno litafutwa, wanasema, mara tu wahusika wote wawili watakapotia sahihi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: *Nakala: Mume.*

Nakala haikuwa na anwani. Wakaileta masjala kwangu, maana ndiyo taratibu: isiyo na anwani hulala kwetu mpaka mwenyewe aje. Niliiingiza kwenye daftari la barua, nikaiweka kabatini, nikafunga. Ufunguo ninao mimi, kwenye kamba, shingoni.

Jana saa nne asubuhi, watu wamepanga mstari mpaka mlangoni, nilifungua kabati nitafute faili la mtu mwingine. Nakala haipo. Nikafungua daftari. Safu ya aliyepokea imesainiwa. Herufi zimelalia kinyumenyume, upande wa kushoto. Nikapitisha kidole. Wino ulikuwa mbichi.

Wenzangu wanataka kujua ni jini, ni mchawi, ni tapeli. Mkuu wangu ameniomba maelezo, yasizidi ukurasa mmoja. Nimemwandikia haya:

Shangazi yangu hakuwa na mume. Aliwaambia hivyo watu watatu, mchana, kwa sauti ya kusikika. Walinipigia mimi niseme kweli, nikasema anaye, nao wakamkabidhi.